Koti la Kumwitia Samwol

Duka la fundi lilikuwa limefungwa. Mlangoni palibandikwa kikaratasi: "Nimekwenda kwa dada kutia kabichi chumvi. Njooni kesho."

Aeran akasonya. Novemba ikiingia katika mji wa Yeomho, usimtafute mtu kwa kazi yoyote. Mji mzima uko uani, mikono imezama kwenye mabeseni ya kabichi na pilipili, kila nyumba inasindika kimchi ya kuvushia baridi. Lakini huyu fundi alikuwa ameapa, tena kwa jina la marehemu baba yake, kwamba lile koti fupi jeupe lingekuwa tayari Jumatatu. Leo Jumatano, jua linatua, na onyesho ni Jumamosi. Viapo vya mafundi cherehani ni vilevile duniani kote.

Angeweza kurudi nyumbani. Badala yake akainua kola ya koti lake mwenyewe, la kijivu, lenye pamba ndani, alilolivaa sokoni na jikoni kwa majira sita ya baridi, akashika njia ya mashamba ya chumvi. Atafanya mazoezi hivyohivyo.

Aeran alikuwa mwimbaji wa pansori. Kazi hiyo haina pa kujificha: ni wewe, mkeka, upepeo mkononi, na mpiga ngoma mmoja ameketi pembeni. Saa mbili, saa tatu, wewe ndiye hakimu, wewe ndiye mtumwa, wewe ndiye punda wa hakimu. Unapotua kuvuta pumzi, mpiga ngoma na watazamaji hukutia moyo kwa kupaza "Olsu!" Mwimbaji asiyepaziwa Olsu ni heri akalale.

Na kwa miaka miwili Aeran alikuwa hapaziwi sana. Koo lake lilikuwa limeota vinundu. Sauti ilipanda vizuri, halafu ikifika juu ilichanika kama shuka kuukuu. Daktari alimwambia akae kimya miezi sita. "Nikinyamaza miezi sita, nani atakumbuka kwamba nipo?" alimjibu, akaenda zake. Kikundi cha mkoa kikamwacha. Akabaki na miaka arobaini na saba, mkeka, na mama yake.

Mama huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kuilalamikia sauti ile. Bi Gapsun alikuwa na miaka themanini na miwili, na alikuwa amesahau karibu kila kitu: mwaka, jina la mumewe, hata sura ya binti yake. Ukisimama mbele yake bila kusema neno, alikutazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Lakini kila jioni Aeran alipofika getini na kuita, "Mama, nimerudi," ile sauti iliyochanika ilimfikia kizee huko alikopotelea.

"Umerudi, debe langu bovu? Ingia ule, umekonda kama ng'onda!"

Hapo wakawa mama na mtoto tena mpaka asubuhi. Aeran hakuwa na mume wala mwana. Kuitwa debe bovu ndiko kulikomwambia kwamba naye ana mtu wake, na alikuwa hathubutu kufikiria siku ambayo hataitwa.

Onyesho la Jumamosi lilikuwa bahati ya mwisho. Wilaya ilikuwa imegeuza ghala kuukuu la chumvi kuwa ukumbi, na ilitaka kisa cha mtu wa hapahapa. Aeran akampata Samwol. Kwenye kitabu cha historia ya wilaya Samwol alikuwa na mstari mmoja tu: mwaka wa njaa, karibu miaka mia mbili iliyopita, mtumwa wa ofisi ya mkuu wa wilaya, mwanamke, aliadhibiwa kwa kupiga kelele. Mengine Aeran aliyaokota kwa wazee wa mashamba ya chumvi. Walisema kila alfajiri Samwol alipanda juu ya paa la ghala la nafaka akataja kwa sauti majina ya waliokufa njaa usiku ule, huku mkuu na wageni wake wakila nyama. Mkuu akaamuru anyweshwe yale maji machungu yanayochuruzika kwenye magunia ya chumvi, yale ambayo wauza tofu hugandishia maharage. Tone tamu, kikombe mauti. Koo lake likaungua. Akakaa siku tatu bila sauti, ndipo akafa.

Kwa kuwa alikuwa mtumwa asiye na ndugu, hakuna aliyemwita.

Hilo lilimchoma Aeran kuliko yote. Zamani mtu akikata roho, nduguye alichukua koti la marehemu, akapanda juu ya paa, akaelekea kaskazini, akalipunga na kumwita kwa jina mara tatu arudi. Asiporudi, ndipo walipokubali kwamba amekufa. Koti lilifunikwa juu ya maiti, na kilio kikaanza. Samwol hakupewa hata hilo. Kwa hiyo Aeran aliamua kuanza kisa chake hapo: atapunga koti jeupe, atamwita.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Kuta za mbao nyeusi zilikuwa bado zinanuka chumvi. Aliwasha taa moja ya jukwaani, akavua viatu, akasimama kwenye mkeka. Koti jeupe hana. Basi akavua la kwake la kijivu, akalishika kola kwa mkono wa kushoto na pindo kwa mkono wa kulia, akaelekea kaskazini.

"Samwol! Rudi!"

Sauti ikachanika, kama kawaida yake.

"Samwol! Rudi!"

Ikachanika tena. Akameza mate, akalipunga koti kwa nguvu zake zote.

"Samwol! Rudi!"

Haikuchanika. Ilipanda ikagonga paa, ikakaa huko juu, nzima, pana, tamu. Hata alipokuwa binti wa miaka ishirini hakuwahi kuwa nayo. Aeran alibaki mdomo wazi. Akatua kuvuta pumzi.

"Ol... su..."

Ilitoka nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye viti vya mwisho, gizani. Ilikuwa chini ya mnong'ono, sauti ya koo lililoungua. Lakini iliangukia palepale inapotakiwa kuangukia, hata mpiga ngoma hodari asingeiweka vizuri zaidi.

"Mzee Pyo?" Aeran akaita, akidhani ni mpiga ngoma wake. "Ni wewe?"

Harufu chungu ikapanda, ya maji ya magunia, ikamkaa kwenye ulimi. Baridi ikampiga mgongoni. Akajifanya hakusikia kitu, watu wazima hufanya hivyo. Akalivaa koti lake, akafunga vifungo mpaka shingoni, akazima taa, akatoka kwa haraka bila kukimbia.

Getini akaita, "Mama, nimerudi."

Mama akauliza kutoka ndani:

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Aeran." Hapo kikohozi kikamshika kwa ile baridi, akakohoa mara mbili.

"Aaa, debe langu! Ingia. Umenitisha, nilidhani ni mtu wa maana."

Aeran akacheka. Akafungua mlango.

Kesho yake saa nne asubuhi Mzee Pyo alifika ukumbini na ngoma yake begani. Alikuwa na miaka sabini na tatu, meno manne na utani usiokwisha. Alipomsikia Aeran akiimba beti mbili za kwanza, fimbo ilitaka kumdondoka.

"Loo! Mimi nimekuletea dawa ya kikohozi, kumbe nimekuja kumpigia bibi harusi. Umekula nini, binti?"

"Usinisimamishe, Mzee. Piga."

Akapiga. Aliimba saa nzima bila kuchoka, na furaha ilimjaa kifuani hadi ikamtia woga. Ila Pyo utani ulimwisha taratibu. Olsu yake ya kwanza ilichelewa. Ya pili ikachelewa. Ya tatu hakuipaza kabisa. Aliweka kiganja juu ya ngoma, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Nani anayenitangulia?" alinong'ona.

"Anakutangulia wapi?"

"Usinifanye mjinga. Miaka hamsini nafanya kazi hii. Kuna mtu huko nyuma anapaza kabla yangu, na hakosei." Akalamba midomo. "Na hayo majina umeyatoa wapi?"

"Majina gani?"

"Umeimba majina kumi na saba, binti. Hayamo kwenye daftari letu. Dolsoe na wanawe wawili. Kizee wa kisimani. Mtoto wa mwashi, hajapewa jina..."

Aeran hakukumbuka hata moja. Akamwambia jinsi alivyomwita Samwol jana jioni. Pyo akalitazama koti lake.

"Fundi amekupa koti jeupe?"

"Bado."

"Sasa jana ulimpungia nini?"

Aeran akagusa kola yake.

"Lako hilo?"

"Langu."

"Halafu?"

"Halafu kulikuwa na baridi, Mzee. Nikalivaa."

Mzee Pyo alipozungumza hakumtazama usoni.

"Anayeitwa hurudi kwenye nguo aliyopungiwa. Ndiyo maana tunaipunga ya kwake, na tukishaipunga haivaliwi na mtu, inakwenda na maiti. Wewe umemwita mtu wa miaka mia mbili kwa nguo ya mtu aliye hai. Tena umemfungia vifungo." Akainuka, magoti yakalia. "Livue. Tulichome sasa hivi, jua liko juu, umwambie aende zake. Jumamosi tutaimba kitu kingine."

"Kwa sauti gani?"

"Kwa hiyohiyo yako mbovu."

"Mbovu haijazi hata jiko langu, Mzee. Siku mbili tu. Jumamosi jioni nitalichoma kwa mkono wangu."

"Aeran..."

"Siku mbili!"

Hakumwambia kuhusu mama yake. Angemwambia, Pyo angemvua lile koti kwa nguvu, na yeye alijua hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa jioni aliita getini mara tatu. Akajikohoza makusudi. Hata kikohozi kilitoka laini, safi, si chake. Bi Gapsun alifungua mlango mwenyewe, akainama kwa adabu kama mtu anayempokea mgeni, akampa ule mto mzuri wa kukalia ambao haukuguswa ila sikukuu. Akampakulia wali kwa mikono miwili.

"Samahani, chakula chenyewe ni hiki. Binti yangu bado hajarudi. Yeye ndiye anayejua kupika."

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Aeran alikula akilia juu ya bakuli, na kizee, kwa huruma, akajifanya haoni.

"Kesho, mama," alisema moyoni, kwa kuwa hakutaka kuisikia ile sauti tena ndani ya nyumba ile. "Kesho nakurudishia."

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Koti jeupe lilikuwa limefika, fundi mwenyewe alilileta, ananuka kitunguu saumu. Aeran alilitundika nyuma ya jukwaa. Alijaribu kuvua la kijivu. Vidole vilishika kifungo cha kwanza, vikakaa hapo. Havikutaka. Akapanda jukwaani vilevile, na koti la sokoni juu ya sketi ya hariri, na watu wakanong'onezana wakidhani ndivyo igizo lilivyo.

Kisha akaimba, na hakuna aliyenong'ona tena.

Sitakudanganya, aliimba vizuri. Waliokuwepo mpaka leo wakisimulia hushika vifua vyao. Samwol alipanda juu ya paa mbele ya macho yao, miguu peku, na alfajiri ikaingia ukumbini alasiri ile. Majina yakaanza kutajwa. Kumi na saba. Thelathini. Sitini. Majina ya watumwa, ya vichanga, ya familia nzima, yenye vijiji na milango yake. Katikati, mzee mmoja wa mashamba ya chumvi akasimama kitini, maana lile lililotajwa lilikuwa jina la babu wa babu yake, aliyefutwa kwenye ukoo kwa kukosa kaburi. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Wengine wakamfuata, mmoja, wawili, mstari mzima. Mzee Pyo alikuwa ameacha kupiga ngoma. Uimbaji haukumhitaji.

Aeran aliyasikia yote hayo kana kwamba yuko nyuma ya ukuta. Aliona mikono yake ikipanda na kushuka. Alijaribu kutua avute pumzi, akagundua kwamba hajavuta pumzi kwa muda mrefu, na hakuhisi kuihitaji.

Wimbo ukafika mwisho.

Kutoka viti vya nyuma kabisa, gizani, ikaja:

"Olsu..."

Nywele zikamsimama. Safari hii haikuwa sauti ya koo lililoungua. Ilipanda kidogo, ikachanika katikati.

Ilikuwa ya kwake.

Walilichoma koti jioni ileile kwenye tuta la shamba la chumvi, yeye na Pyo, wakati jua likiwa jekundu juu ya maji. Safari hii vifungo vilifunguka vyenyewe, virahisi, kana kwamba kazi imekwisha. Pamba iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mzito mchungu.

"Mwambie aende," Pyo akanong'ona. "Mwambie kwa upole. Hana kosa."

Aeran alifungua mdomo.

"Nenda," mdomo ukasema. "Umekaa vya kutosha. Nenda zako."

Lilitoka neno zuri, zito, lenye huruma. Mzee Pyo alimtazama yule mwanamke aliyesimama mbele yake katika mwanga wa moto, akalitazama koti linaloungua, na rangi ikamtoka usoni. Maana katika Yeomho kila mtu anajua, hata mtoto anajua: nguo inayochomwa ni ya yule anayeondoka. Na koti lile lilikuwa la nani?

"Ngoja," alisema. "Ngoja, tumekosea..." Akaingiza mkono motoni, akatoa kipande cha kola kisichozidi kiganja. Kikamvunjikia vidoleni, majivu matupu.

Aliyekuwa mbele yake alimwinamia kwa heshima, akageuka, akaenda zake kwenye njia ya mjini. Mpaka leo Mzee Pyo hajui kama alipaswa kumfuata. Mkono wake wa kulia haushiki tena fimbo ya ngoma, na ukimuuliza kuhusu siku ile atakuuliza kama umekula.

Aeran alikuwa bado ndani ya mwili ule. Alihisi ubaridi wa njia kwenye nyayo, aliona taa za nyumba zikiwashwa, alisikia majirani wakicheka juu ya mabeseni yao ya kabichi. Alifika getini. Alikusanya nguvu zake zote ili aite, na mdomo haukufunguka. Mkono ulisukuma mlango bila kubisha hodi.

Bi Gapsun alikuwa ameketi kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, blanketi magotini. Akainua uso.

"Karibu, mgeni. Umeshakula?"

"Nimeshakula, bibi. Asante."

*Mama,* Aeran akalia. *Mama, ni mimi, mimi debe lako.* Hapakuwa na koo la kulia nalo.

Kizee akainua kidole, akatega sikio. Uso wake wote ukafunguka, mikunjo ikacheka, macho yakapata uhai kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

"Si huyo sasa? Kanifungulie mlango, mwanangu, miguu yangu haifai. Amekuja! Binti yangu amekuja!"

Nje, kwenye baridi, upande wa pili wa geti, kuna mtu alikuwa akiita. Sauti ilikuwa ya Aeran, ile mbovu: ilipanda, ikachanika. Ikaanza tena.

"Mama... nimerudi."

Aeran alisukuma kwa kila kilichobaki kwake. Mguu, mkono, kidole kimoja. Hakuna kilichosogea. Aliketi kwa adabu kwenye ule mto wa wageni, mikono magotini, na mama yake alikuwa akimtazama, anasubiri.

"Mama... ni mimi..."

"Husikii?" Bi Gapsun akauliza. "Mbona humfungulii? Kuna baridi huko."

Na mdomo ukamjibu, kwa ile sauti nzuri isiyo na ufa hata mmoja:

"Hakuna mtu, bibi. Ni upepo tu."